Usijitoe kwenye grupu la ofisi ya zamani, mimi nilijitoa na najua bei yake

Mkuu subiri. Kabla hujajitoa kwenye hilo grupu soma hapa kwanza. Umesema kwenye uzi wako una miaka miwili kwenye uhasibu hapa Dar, unataka koneksheni za maana za kikazi, ukauliza mambo manne, nami najibu la magrupu na la wakubwa tu: ujitoe au usijitoe kwenye magrupu ya chuo na ya ofisi ya zamani maana kila siku ni michango, ulipie LinkedIn ile ya hela au uache, ukikutana na wakubwa kwenye mikutano unawaanzaje, na kama kuhamia Dodoma kutakufungulia njia. Halafu ukamalizia kwamba kuna mwalimu wa semina kakwambia uachane na watu wasiokuongezea thamani. Hapo ndipo damu ilinichemka, kwa sababu maneno hayohayo mimi niliuziwa mwaka 2014 kwa shilingi 150,000, kwenye ukumbi wa hoteli moja hapahapa mjini, chai na sambusa mbili ndani yake.

Yule jamaa alitufundisha vitu viwili. Kila siku pata namba mpya tano. Na safisha simu yako, grupu lisilokuingizia hela toka. Nikatoka pale nimejaa moto. Nikawa nahudhuria kila kikao chenye meza ya chai, nagawa bizinesi kadi kama karata, nasevu watu kwa vyeo vyao, "Meneja Bima", "Mkurugenzi Semina", "Dada wa Tenda", mpaka 2017 nilikuwa na namba 412 za aina hiyo na najiona mtu mzito. Na grupu la ofisi yangu ya kwanza nikajitoa 2015, wiki moja iliyokuwa na harusi moja na misiba miwili, nikasema hawa wananimaliza, kila nikifungua simu ni orodha ya ahadi.

Sasa kwenye grupu hilo alikuwemo mama mmoja aliyekuwa mhasibu mkuu wetu. Huyu ndiye aliyenifanya niwe mhasibu. Nilitoka chuo najua kuandika debiti na krediti kwenye karatasi ya mtihani basi, usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu vya ofisi na taarifa ya benki, sikuujua. Yeye ndiye aliyekaa na mimi mwisho wa mwaka mpaka saa tatu usiku, anapitisha rula chini ya kila mstari wa taarifa ya benki, penseli nyekundu mkononi, tiki, tiki, tiki, akifika kwenye hundi isiyoonekana ananyamaza ananiangalia mpaka niitafute mwenyewe. Nilipokuwa nasomea CPA, kile cheti cha uhasibu, alikuwa ananiruhusu kuwahi kutoka Aprili yote na Oktoba yote kwa sababu mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ni Mei na Novemba. Alikuwa ananiita mwanangu. Nilipohama 2013 nikamwahidi nitakuwa nakuja kumsalimia. Sikwenda. Wala sikugombana naye, nilikuwa bize tu kutafuta namba tano za siku.

Mwishoni mwa 2017 mradi niliokuwa nafanyia ukafika mwisho, mfadhili akafunga mfuko, kibarua kikaota nyasi. Nikasema si tatizo, watu ninao. Nikaandika meseji nzuri, nikaambatanisha CV, nikatuma brodikasti ya WhatsApp kwa wote 412. Hapa nisikilize kwa makini maana wengi hamjui. Kwanza orodha moja ya brodikasti inachukua watu 256 tu, nikatengeneza mbili. Pili, na hili ndilo lililoniua, meseji ya brodikasti inamfikia mtu pale tu na yeye anapokuwa ameisevu namba yako. Nilipofungua pale panapoonyesha imewafikia kina nani nilikaa kitandani nikatazama ukuta. Mimi nilikuwa nimewasevu wao, wao walikuwa hawajanisevu. Miaka mitatu ya kadi na chai, nikajibiwa na watu 11. Wanne walisema "nani mwenzangu", watano "sawa nitakucheki", wawili wakanitumia matangazo ya biashara zao.

Ndipo nikamkumbuka mama. Miaka minne bila hata salamu, nikampigia Januari 2018 saa tano asubuhi. Nilikuwa nimeandika kabisa kwenye karatasi nitakachosema, kwa sababu kuna taasisi ilikuwa inatafuta mhasibu na mkurugenzi wa fedha wa pale alikuwa amesoma na mama, nilitaka aniseme vizuri na akubali nimwandike kama mdhamini kwenye CV.

Nikasema shikamoo mama. Akasema marahaba mwanangu, umepotea sana. Sauti yake ilikuwa chini, nikadhani labda yuko kwenye kikao. Nikauliza uko ofisini mama? Akasema hapana, niko eda, baba alifariki mwezi uliopita.

Nikasema pole sana mama. Halafu nikaendelea. Karatasi iko mbele yangu, mdomo unasoma wenyewe, "sasa mama nilikuwa na shida moja, kuna nafasi imetoka na mwisho wa kutuma ni Ijumaa." Mwanamke anamlilia mumewe ndani ya nyumba, mimi namwambia Ijumaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha hata mara moja, akasema sawa mwanangu, Mungu atakufungulia. Simu ikakatwa. Sijawahi kusahau ule ukimya kabla hajasema "sawa".

Baadaye nikaja kujua msiba ulitangazwa kwenye lile grupu usiku uleule mzee alipofariki, wenzangu wakachanga, wakakodi Kosta wakaenda naye Tanga kuzika. Mpaka yule mlinzi wa getini alikwenda, na mhudumu aliyekuwa anatupikia chai. Mimi sikuwemo kwa sababu nilikuwa nimesafisha simu.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Ilipoisha nikaenda kwake Magomeni na mke wangu, tukapokewa vizuri, tukala wali, akauliza habari za watoto. Lakini siku nzima aliniita kwa jina langu. Lile neno mwanangu sikulisikia tena mpaka tunaaga. Mkuu, mimi nilikaa miezi minane bila kazi, niliuza gari yangu IST, nilihamisha watoto shule, hayo yote yamesharudi. Hilo neno halijarudi.

Kwa hiyo ukiniambia habari za mwalimu wa semina mimi sina utani naye. Hawa watu wanachukua hela ya kijana anayekula chipsi kavu mchana, wanamfundisha kuwahesabu binadamu wenzake kama stoo, huyu anaingiza, huyu haingizi, toa. Hawakwambii kwamba thamani ya mtu huijui leo. Mchama ago hanyele, wazee walishasema, anayehama kambi hainyei, maana unaweza kurudi kulala hapohapo. Yeye ananifundisha ninyee kambi halafu ananidai na hela ya ukumbi.

Na unajua kazi niliipata wapi? Mwaka 2010 alikuja dogo ofisini kufanya fildi, wiki nane, hakuna aliyekuwa na muda naye. Nilimsaidia kuandika ripoti yake na kumwonyesha vocha halisi za malipo zinavyopangwa, hata siku tatu hazikufika. Yule dogo kila sikukuu alikuwa ananitumia meseji yenye jina langu, yake mwenyewe ya kuandika, bila zile picha za mishumaa, na ananiambia yuko wapi sasa hivi. Mimi nilikuwa namjibu "poa dogo nawe pia" basi. Julai 2018 akatuma salamu zake za kawaida, nikamwambia ukweli kwamba niko nyumbani. Siku ya tatu akanipigia, kaka ofisini kwetu mhasibu ameacha kazi, bado hawajatangaza, leta CV mwenyewe kwa mkono. Agosti nikaanza. Ona nani alikuwa anajua kutunza watu, mimi mwenye CPA na namba 412, au yeye.

Nilipokuja kusoma masters nikakuta jambo hili lina utafiti kabisa. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika mwaka 1973 kuhusu watu wa eneo la Boston waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni. Wale waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua aliwauliza, wakati ule mlikuwa mnaonana mara ngapi? Hawakufika 17 katika 100 waliosema mara kwa mara. Zaidi ya 55 walisema mara mojamoja, na karibu 28 walisema mara chache sana. Sababu yake ni rahisi, rafiki unayekaa naye kila siku anajua unachojua wewe, habari mpya iko kwa yule wa mbali. Ila yule wa mbali lazima awe bado anakukumbuka kwa wema, hapo ndipo watu tunapofeli.

Sasa niko upande wa pili wa meza naona vizuri zaidi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake kwa siku 90, na baadaye USAID yenyewe ikafungwa, wahasibu wa miradi wengi sana walirudi nyumbani. Simu yangu ilijaa. Watu wa miaka sita hatujaongea, "habari kaka, naomba nikutumie CV." Sikuwachukia hata kidogo, nilijiona mimi mwenyewe wa 2018. Lakini bosi akisimama mlangoni akakuuliza unamjua mtu wa kushika vitabu miezi mitatu, unataja jina lililo karibu na mdomo, na jina linalokaa karibu na mdomo ni la mtu mliyeongea naye mwezi uliopita kuhusu mguu wa mtoto wake uliovunjika. Siongelei serikalini, huko unaomba kwenye Ajira Portal na usaili unapiga kama wengine. Naongelea hizi nafasi za mashirika na kampuni ambazo zinasemwa kwenye korido kabla hazijaandikwa popote.

Kanuni yangu ni moja tu na nakuomba uishike: mtafute mtu siku ambayo huna shida naye. Mimi Jumapili jioni napiga pasi sare za watoto, simu naiweka spika juu ya kabati, napiga tatu. Watatu tu. Nina daftari dogo la kawaida, jina, mara ya mwisho tuliongea nini, mtoto wake anaitwa nani, mama yake anaumwa nini. Dakika tano kila mmoja. Akiniuliza "eeh, ulikuwa na shida gani?" nasema sina, nimekukumbuka tu, na mwanzoni watu hawaamini kabisa, wanasubiri mzinga. Ikipita miezi ndiyo wanazoea. Nikiona tangazo la kazi au tenda inayomfaa mtu namtumia yeye peke yake na mstari mmoja wa kwa nini nimemfikiria yeye. Huyo dogo wa fildi yuko juu kabisa ya daftari.

Na hiyo michango inayokuchosha, hakuna aliyekwambia utoe laki. Toa elfu kumi. Huna elfu kumi, piga simu, nenda ukakae kwenye kiti cha plastiki saa moja. Kutuma rambirambi kwa simu bila kusema neno ni kama kulipa bili ya maji, mfiwa haoni mtu pale, anaona namba ya muamala. Grupu likikuzidi kelele lizibe sauti, lakini kila jioni pita uangalie nani kafiwa, nani kajifungua, nani kahamishwa. Hizo ndizo habari unazozitafuta kwa hela kwenye semina.

Wakubwa kwenye mikutano, usiwaanze na kadi. Wewe mwenyewe ukienda APC Bunju, kile kituo cha wahasibu, kwenye semina za NBAA utaona vijana wamepanga foleni kwa mtoa mada, wote wanataka namba. Kaa na wenzako mnaohangaikia CPA pamoja, mnaopeana maswali ya nyuma na kulala kwenye meza za maktaba. Hao baada ya miaka kumi ndio watakaokuwa mbele wanatoa mada, na walikuona ukiwa huna kitu.

Umeandika kwenye uzi wako kama kitu kidogo tu kwamba bosi wako wa zamani anakutumia "Ijumaa njema" kila wiki na hujamjibu tangu Machi kwa sababu huna cha kumwambia. Mpigie leo jioni. Muulize mzee wake anaendeleaje, muulize nani siku hizi anafunga hesabu za mwezi. Akikuuliza kama unatafuta kazi mwambie hapana, na iwe kweli hapana. Halafu urudi hapa uniambie alisemaje.