Gari ya Pili: Je, Ninunue Mazda RX-8 Iliyotumika?

SWALI: Assalaam alaykum. Nina Noah ya kupelekea watoto skuli, na sasa nimeonyeshwa Mazda RX-8 ya mwaka 2004 kutoka Japani. Muuzaji anasema kupungua oili ni kawaida yake. Nimwamini? – Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Kuhusu oili amesema kweli, kwa sababu injini hiyo ya lita 1.3 haina pistoni bali ina rota mbili, yaani vyuma vya pembe tatu vinavyozunguka, na hupelekewa oili makusudi ndani ya vyumba vya mwako ili sili za ncha za rota (vizibo vyembamba vya kuzuia hewa isivuje) zisisagike. Kwa hiyo zoea kuchomoa kijiti cha oili na kukitazama kila unapotia petroli. Ninachokuogopea mimi ni sili hizo kuwa zimekwisha. Iwashe ikiwa baridi, iendeshe mpaka ipate moto, izime, kisha uiwashe tena: ikisumbua hapo, huenda mgandamizo, yaani nguvu ya injini kubana hewa, umeshuka, na kuifanyia matengenezo injini nzima kunaweza kuzidi bei ya gari yenyewe. Usitoe fedha kabla mgandamizo haujapimwa kwa kipimo maalumu cha injini za rota, kwani cha kawaida hakitoshi. Inama pia uitazame chini, maana hewa yetu ya chumvi hula chuma upesi. Ukishainunua, usiiwashe kwa kuisogeza tu uani na kuizima ingali baridi, kwani plagi hulowa petroli ikagoma kuwaka.