Jubilii ya Malkia kijijini: mimi nilikuwepo, na mandazi yangu

Mleta uzi umeuliza kama ni kweli wanakijiji wa Uingereza hujikusanya kusherehekea miaka ya mfalme au malkia kwenye kiti, au ni mambo ya London na televisheni tu. Ukauliza pia kama mgeni mwenye rangi yetu anaweza kwenda bila kualikwa. Nitakujibu kwa niliyoyaona. Juni 2022, Malkia Elizabeth wa Pili aliposherehekewa kwa kutimiza miaka 70 ya utawala, nilikuwa nakaa kijiji kidogo huko Wiltshire, nikifanya kazi ya kutunza wazee. Kanisa moja, baa moja, ukumbi mmoja, basi mara mbili kwa siku.

Ni kweli, tena wanajipanga kuliko sisi na harusi zetu. Kamati iliundwa Januari. Usidhani kuna gari la serikali lililokuja na magunia ya mchele. Serikali ilichotoa ni siku: mapumziko ya mwisho wa Mei yalisogezwa hadi Alhamisi tarehe 2 Juni, Ijumaa ikaongezwa, zikawa siku nne mfululizo. Yaliyobaki ni harambee tupu, ila wao hawaiiti hivyo, na hakuna mgeni rasmi wa kutangaza mchango wake kwenye kipaza sauti. Waliuza tiketi za bahati nasibu, zawadi chupa ya mvinyo na kikapu cha sabuni. Waliomba kibali cha halmashauri cha kufunga barabara miezi kabla. Akina mama wa kanisani walikata mapazia ya zamani wakashona vibendera vya pembe tatu, kamba hadi kamba, mpaka nguzo za umeme zikavishwa.

Alhamisi usiku tulipanda kilimani kuwasha moto. Mioto zaidi ya 1,500 ilikuwa inawashwa saa hiyo hiyo, saa nne kasorobo usiku, hapo Uingereza na kwingineko. Kwa Juni ya kule, saa hiyo mwanga bado haujaisha vizuri. Kuni zilikuwa mbao chakavu zilizorundikwa wiki nzima. Tulipouona moto wa kijiji cha pili, halafu wa tatu, mbali kabisa, hata mimi nisiye na habari na malkia mwili ulinisisimka. Nasema ukweli.

Chakula cha pamoja kilikuwa Jumapili, na mvua ikanyesha kama ilivyo desturi yao. Barabara tuliyoiombea kibali ikabaki tupu, meza zote zikabebwa ukumbini. Kuhusu chakula chenyewe, punguza matumaini. Kuna kuku wao wa baridi, aliyechanganywa na mayonezi na bizari, aliyebuniwa kwa ajili ya kutawazwa kwa Elizabeth mwaka 1953. Wanamheshimu sana kuku huyo. Mimi nilimheshimu kijiko kimoja. Sandwichi za tango, keki, chai. Nilikuwa nimeandika kwenye orodha ya kamati kwamba nitaleta mandazi 80, nikakesha jikoni. Yaliisha kabla ya sandwichi.

Sasa sehemu ambayo ndiyo imenifanya niandike. Bibi mmoja jirani aliniuliza natoka Kenya sehemu gani. Nikamwambia Nyeri. Akashika mkono wangu: "Treetops!" Alikuwa mtoto wa shule Februari 1952 walipotangaziwa kwamba mfalme amefariki, na kwamba binti yake Elizabeth alikuwa Kenya, amelala Treetops, nyumba ya wageni iliyojengwa juu ya mti, akitazama wanyama. Mti wenyewe ulikuwa mgumo, kwenye msitu wa Aberdare, na habari za msiba Elizabeth alizipata baadaye pale Sagana Lodge, kutoka kwa mumewe. Kabla sijamaliza chai, kamati imeshaamua nisimame niseme maneno mawili, kwa kuwa natoka mahali jubilii ilipoanzia.

Ningeweza kusema asanteni nikakaa. Lakini bibi yangu mzaa mama ni wa huko huko. Oktoba mwaka ule ule wa 1952 ilitangazwa hali ya hatari, mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakaichoma ile Treetops, na bibi yangu akaondolewa shambani kwake akatiwa kwenye kijiji cha lazima chenye uzio. Walichimbishwa handaki kando ya msitu, wanawake kwa majembe, ili wapiganaji wasipate chakula. Kwetu neno "kijiji" kwa wazee wa rika lake halikuwa na utamu wowote. Basi nikasema yote mawili: mti, na handaki. Dakika tatu hivi, kwa Kiingereza changu cha Nyeri.

Ukumbi ulinyamaza. Hakuna aliyenizomea, hakuna aliyenipongeza, kisha mtu wa muziki akaweka wimbo. Nikajua nimeharibu sherehe ya watu. Lakini wakati wa kuosha vyombo (na huko kila mtu huosha, hata mwenyekiti wa kamati), mzee mmoja alisimama kando yangu na kitambaa cha kufutia. Akaniambia kaka yake aliitwa jeshini kwa lazima akapelekwa Kenya, akarudi, akaishi miaka mingine 50, na hakusimulia hata siku moja. Akaniuliza lile handaki lilikuwa na kina gani. Nikamweleza kama bibi alivyotueleza, kwa kupima mwili wake mwenyewe: ukisimama ndani huoni nje. Alifuta vikombe vyote bila kusema tena.

Kwa hiyo ndiyo, nenda. Hakuna kadi ya mwaliko, karatasi hubandikwa mlangoni mwa ukumbi na unaandika jina na chakula utakacholeta. Mandazi tia iliki ya kutosha. Na usiandike 80 kama una karai moja.