Matone ya mkaratusi kwenye beseni la kujifukiza

Dada wa Nyegezi, umeuliza kama matone 10 ya mafuta ya mkaratusi yanafaa kujifukiza mafua, na kama mtoto wa miaka miwili aingie nawe chini ya khanga. Kumi ni mengi mno, na mtoto asiingie kabisa.

Beseni la lita moja linataka matone 2 au 3. Chemsha maji, yaepue, yaache dakika chache, ndipo udondoshee. Mafuta hayachanganyiki na maji. Yanaelea juu, joto linayarusha yote kwa mkupuo. Ndiyo maana ukizidisha macho yanawaka na kikohozi kinapanda. Fumba macho, dakika 5 hadi 10 basi. Mwenye pumu aache, mvuke mkali unaweza kumbana kifua. Majani ya kuchemsha ni mapole zaidi, maana kachupa kale kadogo kamebeba nguvu ya majani mengi sana.

Kuchua kifua cha mtu mzima: matone 20, kama mililita 1, kwenye mililita 50 za mafuta ya alizeti. Yakipakwa matupu ngozi hubabuka.

Mtoto usimpake usoni wala puani, na chupa ikae juu kabisa: akimeza hata kidogo anaweza kupata degedege. Akimeza, usimtapishe, mkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Na kama mafua hayo yana homa, huku kwetu Kanda ya Ziwa kapimeni malaria kwanza.