Kwa nyie mnaoanza kusoma makadirio ya usafiri wa anga ya miaka 20

Kitu cha kwanza nitakachowaambia mi nilikijua kwa kuaibika. Nilipoanza kazi nilipewa nipige ukuaji wa abiria wa ndege duniani mpaka 2040, nikaanzia 2020 maana ndo data mpya niliyokuwa nayo, Excel ikanitolea asilimia 9 na ushee kwa mwaka, nikaona mambo si ndo haya! Bosi akaitazama kidogo tu akauliza, "Hivi 2020 kulikuwa na nini?" Nikabaki mdomo wazi.

Pigeni wenyewe muone. 2019 iwe 100. 2020, mwaka wa korona, usafiri wa abiria ukiupima kwa kilomita walizosafiri ulishuka karibu theluthi mbili, weka 34. Sasa sema 2040 tutafika 200. Ukianzia 2019 unapata kama asilimia 3.4 kwa mwaka, ukianzia 2020 inakuja 9.3, na mwisho ni ule ule! Kwa hiyo ukifungua ripoti grafu ziache kwanza, tafuta mwaka wa kuanzia.

Na hizo pointi ndogo msizidharau. Gawanya 72 kwa asilimia ya ukuaji unapata miaka ya kuongezeka maradufu: asilimia 5 ni kama miaka 14 na nusu, asilimia 4 ni 18. Ndo maana watu wanagombana kwa nusu asilimia, ni ndege maelfu hizo.

Halafu angalia nani kaandika. Boeing na Airbus kila mmoja anatoa makadirio yake ya miaka 20 na wote wanauza ndege, sisemi wanadanganya ila kila mtu anaona soko la bidhaa yake. Mwaka 2000 Airbus waliona kuna soko la ndege kubwa sana zaidi ya elfu moja, Boeing wakasema watu watataka kuruka moja kwa moja bila kubadilisha ndege kwenye viwanja vikubwa. A380, ndo ndege kubwa sana ya Airbus, ikaishia 251, ya mwisho ikakabidhiwa 2021. Cha ajabu ni kwamba abiria hawakupungua, kuanzia 2000 hadi 2019 waliongezeka zaidi ya mara mbili. Kosa lilikuwa kwenye watapanda nini.

Mizigo sasa, hapa wengi mnachemka. Kwa uzito ndege inabeba chini ya asilimia 1 ya biashara ya dunia, kwa thamani ni karibu theluthi, simu, dawa, vipuri vya haraka. Na karibu nusu ya mizigo hiyo inakaa kwenye tumbo la ndege za abiria, ndo maana 2020 ndege za abiria zilipopaki nafasi ikakosekana na bei ya kusafirisha kilo moja ikapaa, wakati mizigo yenyewe haikuporomoka kama abiria. Mi siku hizi safu ya mizigo naijaza mwisho kabisa, nikishajua ndege ngapi za abiria za masafa marefu zitakuwa angani.