Shangazi Anajibu: Aliyekaa kitini ndiye aliyepewa kombe

SWALI: Shikamoo Shangazi. Binti yangu wa darasa la saba amenogewa na bolingi ya wanawake wa Marekani, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito kwenye njia ndefu ili kuangusha pini kumi zilizosimamishwa mwisho wake kama chupa. Anaitazama kwenye simu yangu usiku mpaka bando linakata, na uani amepanga chupa kumi za maji anazivurumishia mpira wa netiboli. Juzi alilia kabisa. Dada anayemshabikia alishinda mechi tatu mfululizo, kisha akafungwa na mtu aliyekuwa amekaa tu tangu mwanzo, na huyo ndiye akabeba kombe. Haki iko wapi hapo? Na ule mchezo ni kazi kweli, au starehe ya wenye pesa?
Mama wa binti, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe binti pole, ila mwambie haki ipo. Yule wa kitini alishatoka jasho kabla ninyi hamjafungua simu. Mashindano yale huanza na mchujo, michezo mingi, na alama za kila mchezo zinajumlishwa. Mwisho wanabaki watano. Wa tano anapambana na wa nne, mshindi anakutana na wa tatu, kisha wa pili, na atakayesalia ndiye anamkuta wa kwanza. Ni kama kupanda ngazi. Anayetoka chini ndiye anayetudundisha moyo, nakubali, lakini kile kiti mwenzake alikifanyia kazi.

Sasa kuna jambo ambalo simu haikuoneshi, na ndilo lililonifanya niupende mchezo huu. Mwaka 2011 nilikuwa Nairobi kwenye semina, jioni tukapelekwa kucheza. Mpira wangu wa kwanza uliishia mtaroni pembeni mwa njia, bila kugusa pini, wa pili vilevile. Kijana wa pale akauchukua, akaugeuza kwenye taa, akanionesha: pete nyembambanyembamba za mafuta zilikuwa zimeuzunguka. Akazifuta kwa kitambaa. Nikainama kutazama njia yenyewe, kumbe ile mbao inayong'aa imepakwa mafuta.

Mwagia mafuta ya alizeti kwenye sakafu ya saruji, utaelewa. Penye mafuta mpira unateleza moja kwa moja, pakavu unashika na kukata kona. Njia ni mita 18.29 kutoka mstarini hadi pini ya mbele, na mafuta kwa kawaida hufunika kama theluthi mbili za mwanzo. Kila mpira unaopita unabeba kidogo, kwa hiyo njia ya saa nne asubuhi siyo ile ya saa sita. Mpangilio wa mafuta nao hubadilishwa kutoka shindano hadi shindano. Wachezaji wanasoma kitu wasichokiona kwa macho! Ndiyo maana utawaona wanabadilisha mpira katikati ya mchezo, au wanasogea ubao mmoja kushoto. Hawaringi. Njia imebadilika.

Kuhusu kazi: ni kazi, na imewahi kuwaponyoka mikononi. Chama cha wanawake wanaocheza bolingi kwa kulipwa, PWBA, kilianza mwaka 1960. Mwaka 2003 fedha zikakata, msimu ukafa. Miaka 12 wanawake wale walibaki na mashindano makubwa machache, na mengine pembeni mwa yale ya wanaume. Mwaka 2015 msimu ukarudi, na aliyetangazwa mchezaji bora wa mwaka huo ni Liz Johnson, ambaye alikuwa akicheza tangu miaka ya 1990. Akabaki juu mwaka 2016 na 2017. Mimi nimecheza netiboli, najua mwili unavyodai ukikaa hata miezi mitatu bila ligi. Yeye alisubiri miaka 12, na aliporudi alikuwa bado mkali. Kila nikilifikiria hilo nasisimka.

Siku hizi msimu huanguka katikati ya mwaka, na wanakuja kutoka Kolombia, Singapore, Latvia, Ukraine. Dasha Kovalova wa Ukraine alichukua taji kubwa la Queens mwaka 2019. Mwaka uliofuata msimu ukafutwa kwa sababu ya korona, ukarejea 2021.

Na zile chupa za uani: maji ni mepesi na yanayumba. Chukua chupa za lita moja, zijaze mchanga mkavu, kila moja itafika karibu kilo moja na nusu, ambao ndio uzito wa pini. Zipange moja, mbili, tatu, nne, sentimita 30 na nusu kutoka katikati hadi katikati. Mpira wa netiboli hauzidi gramu 450, utadunda tu. Tafuta mpira uliochakaa, ushindilie matambara na mchanga kisha uushone. Na asiuvurumishe. Auviringishe, mkono ukipita karibu na goti.

SWALI: Mwanamke anaweza kumshinda mwanamume katika mchezo huo, akijitahidi sana?
Mzee wa Kongwa

JIBU: Ameshamshinda, mzee wangu, na bila kuongezewa alama hata moja. Januari 2010, Las Vegas, kwenye Tournament of Champions ya wanaume, Kelly Kulick alifika fainali na Chris Barnes, mmoja wa wachezaji wakali kabisa wa zama zake. Kulick 265, Barnes 195. Katika mchezo ambao alama za juu kabisa ni 300, tofauti ya 70 si ya kubahatisha. Na hapo msimu wa wanawake ulikuwa umekufa miaka saba, ukabaki hivyo mingine mitano.