Ningenunua tena, ila kwanza ningemsaka mwenye kiwanja

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Nyumba umeipenda na bei unaimudu, ila kiwanja cha jirani kimejaa magugu vamizi. Utanunua?" Mimi nilinunua. Ilikuwa hapa Arusha, mwaka 2019: vyumba vitatu, kisima, na nyuma ya ua kiwanja kitupu kilichojaa majani yenye vimaua vyeupe. Dalali akaniambia, "Hayo ni maua tu, mama. Hata ukifuga ng'ombe, malisho unayo bure." Nikacheka, nikalipa.

Kumbe ni gugu karoti. Jina limetokana na majani yake, yamechanika kama ya karoti, lakini asili yake ni Amerika, na Arusha liliripotiwa mwaka 2010. Na huyo ng'ombe wa dalali angenipa maziwa machungu.

Masika ilipoanza nilikuta limeshapenya uani kwangu. Jumamosi nzima nikang'oa mche mmoja mmoja kwa mikono mitupu. Kesho yake kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri: vipele kuanzia viganjani hadi kwenye viwiko, najikuna kama nimemwagiwa upupu. Daktari wa zahanati hakuuliza nimekula nini, aliuliza nimeshika majani gani. Na chavua yake huwabana watu kifua, kwa hiyo kama nyumbani kuna mwenye pumu, achana na nyumba hiyo hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Kulifyeka ni kujichosha, linachipua tena kutoka shinani. Linang'olewa na mzizi wake, udongo ukiwa umelowa, kabla halijachanua, nawe umevaa glavu, barakoa na mikono mirefu. Tangu kuota hadi kuchanua huweza kuchukua wiki 4 hadi 6 tu, kwa hiyo ukisema "nitang'oa mwisho wa mwezi" umeshachelewa. Mche mmoja ulioshiba hutoa mbegu zaidi ya 10,000, nazo husafiri kwa maji ya mfereji, tope la viatu, matairi. Lori la kifusi nililoagiza kusawazisha mbele ya geti lilikuja nazo pia, hivyo siwezi kumlaumu jirani peke yake. Pale ulipong'oa panda nyasi haraka. Ardhi tupu ndiyo linayoipenda.

Uani kwangu nililiweza. Aliyenishinda ni mwenye kiwanja. Watu wa mtaa walijua tu kwamba "yuko Dar". Mwenyekiti hakuwa na namba yake. Karibu miaka miwili nilikuwa nang'oa upande wangu huku upande wa pili linapukutisha mbegu, mpaka fundi aliyemchimbia msingi zamani akanipa namba. Nikapiga. "Ng'oa tu dada, ruksa!" Ruksa ya kumfanyia kibarua cha bure!

Waoromo wa Ethiopia gugu hili huliita faramsisa, maana yake kama kuambiwa utie saini ukabidhi ardhi yako. Nilimsimulia hilo kwenye simu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza nataka nini.

Kwa hiyo anayenunua leo asikague nyumba wakati wa kiangazi, magugu yamekauka na kiwanja kinaonekana safi. Aende wiki kadhaa baada ya mvua. Apite ofisi ya serikali ya mtaa aulize kiwanja ni cha nani na anapatikanaje, kabla hajatoa hata shilingi ya kishika nyumba. Na gharama ya vibarua wa miaka mitatu mbele aikate kwenye bei. Mimi sikukata, na bado inaniuma.

Mimi na mwenye kiwanja tuliandikishana mbele ya mwenyekiti: nitunze kiwanja, nilime, siku akitaka kujenga nitoke bila kudai kitu. Nimepanda majani ya tembo. Ng'ombe nimemnunua mwaka jana, na malisho yake yanatoka kiwanja kilekile.