"Changamoto ya upumuaji" au "ya kupumua"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tunaandaa kijitabu cha kumbukumbu ya marehemu baba yetu, aliyefariki Februari 2021. Baadhi ya ndugu wanataka tuandike kuwa alifariki kwa "changamoto ya upumuaji", na wengine wanashikilia "changamoto ya kupumua". Lipi ni sahihi? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Kisarufi hamna sababu ya kugombana. "Kupumua" ni kitenzi-jina, na "upumuaji" ni nomino iliyoundwa kutokana na kitenzi hicho hicho, kama usomaji na uandikaji; la kwanza ni jepesi mdomoni, la pili lina harufu ya ofisi. Chagueni mnalolipenda. Linalonikera mimi ni lile neno ambalo ndugu zako wote wamelikubali bila ubishi.

Kabla halijachakazwa, "changamoto" lilikuwa neno lenye siha. Lilitaja jambo linalomchochea mtu aoneshe uwezo wake: mwanafunzi hodari hupewa hesabu ngumu, timu ya mtaani hupangiwa kucheza na bingwa. Leo limegeuzwa tambara la kufutia kila doa. Deni ni changamoto ya kifedha, daraja lililosombwa na mafuriko ni changamoto ya miundombinu, na mlevi aliyeangukia mtaroni, nadhani, ana changamoto ya usimamaji. Hayo nimejizoeza kuyavumilia, maana nikikasirikia kila taarifa ya habari sitamaliza mwaka. Lakini mtu anayetafuta pumzi asiipate hajapewa changamoto yoyote, wala hakuna aliyesimama kando ya kitanda chake akimhimiza ajitahidi ashinde. Tukiendelea na mwendo huu, kipindupindu kitaitwa changamoto ya uharishaji, kuzama baharini kutaitwa changamoto ya uogeleaji, na kifo chenyewe kitakuwa changamoto ya kudumu ya upumuaji.

Usidhani ninalalamikia ladha tu, kwa kuwa jina la ugonjwa ndilo somo la kwanza ambalo umma hupewa kuhusu ugonjwa huo. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wenyeji waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo iliyokuwa fasheni wakati huo, na jina la nguo halimwambii mtu ajikinge na nini. Ukimwi, yaani upungufu wa kinga mwilini, angalau lilitaja kilichopungua na mahali kilipopungua. UVIKO-19 nalo, kifupi cha ugonjwa wa virusi vya Korona, halina uzuri wowote, na kwa sikio langu lingefaa zaidi kuwa jina la chama cha ushirika. Hata hivyo virusi vimo ndani yake, na msikilizaji anatambua kwamba kuna kitu kinachoweza kuhama kutoka kwa jirani hadi kwake. Changamoto haihami. Kila mtu ana yake.

Tena neno hili lilishamiri wakati mbaya kabisa. Mwishoni mwa Aprili 2020 Tanzania iliacha kutangaza takwimu za maambukizi, idadi ikiwa imefika 509, na tangu hapo mwananchi wa kawaida akawa anaipima hatari kwa alichosikia msibani. Mwanzoni mwa 2021 nilihudhuria msiba mmoja ambako msomaji wa wasifu alitamka kwa sauti ya upole kwamba marehemu "alipata changamoto ya upumuaji kwa siku nne", nasi tuliobanana chini ya turubai, tukipeana mikono, barakoa zikiwa mifukoni au kidevuni, tukatikisa vichwa kwa huzuni. Bibi mmoja aliyeketi mkekani akamgeukia mwenzake na kuuliza: "Hiyo changamoto inaambukiza?" Hakujibiwa. Lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na msomaji wa wasifu, kwa ufasaha wake wote, alikuwa amelifungia mlango.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama daktari aliwaambia ni Korona, andikeni "alifariki kwa Korona". Kama hakuwaambia, andikeni "alishindwa kupumua", maneno mawili ambayo hata huyo bibi angeyaelewa. "Upumuaji" waachieni walimu wa baiolojia, na "changamoto" mpeni mjukuu wa marehemu anayejiandaa kwa mtihani wa hisabati.